Mkimbizi aliyeifunza mashine kusoma

JACOB Rabinow alizaliwa mwaka wa 1910 mjini Kharkiv, Ukraine, iliyokuwa chini ya himaya ya Urusi. Mapinduzi yalipozua vita, familia yake ilikimbilia Siberia, kisha Uchina, na mwaka wa 1921 ikapata makao nchini Marekani.

Kilichomfaa zaidi ugenini ni elimu bila karo. Siku hizo chuo cha City College, New York, hakikuwatoza ada vijana wa jiji hilo, naye akapata shahada ya uhandisi mwaka wa 1933 na ya pili mwaka uliofuata. Hata hivyo, uchumi ulikuwa umezorota. Alishughulika na redio hadi mwaka wa 1938, alipoajiriwa na National Bureau of Standards, shirika la serikali linalosimamia vipimo.

Huko alibuni, katika miaka ya 1940, klachi ya sumaku. Klachi ya kawaida huunganisha injini na mzigo kwa sahani zinazosuguana. Katikati ya sahani zake, Rabinow alitia mafuta yenye unga wa chuma. Umeme ukipita, sumaku huzishika chembe hizo, mchanganyiko ukawa mgumu na sahani zikazunguka pamoja. Umeme ukikatwa, hulegea. Kwa kuwa mshiko hutegemea kiasi cha umeme, mtambo huweza kudhibitiwa bila mkono wa mtu. Hadi leo, viwanda hutumia klachi za jamii hiyo kuzuia karatasi na nyaya zisikatike zinapoviringishwa.

Alibuni pia mtambo wa kupanga barua na mashine ya kusoma maandishi. Mashine za awali zilitaka herufi ilingane kikamilifu na kielelezo. Doa dogo la wino liliziduwaza. Yake ililinganisha herufi na vielelezo vyote, kisha ikachagua kinachokaribiana nayo zaidi.

Rabinow alifariki mwaka wa 1999, akiwa na hataza zipatazo 230.

Hapa Kenya, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021 inampa mkimbizi mwenye taaluma inayotambuliwa haki ya kufanya kazi. Kwa kijana aliyekulia Kakuma au Dadaab, swali linalotangulia ni lile ambalo New York ilimjibia Rabinow: nani atalipa karo?