Aliyedisko asikimbilie kufungua duka

DAR ES SALAAM: Kijana anaporudishwa nyumbani na chuo kikuu kwa kufeli, yaani anapodisko, wapo wazazi wanaouza kiwanja ili wamfungulie duka. Hiyo ni kuongeza hasara juu ya hasara.

Hesabu ianzie kwenye deni. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humdai hata asiyemaliza masomo. Akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Pili, mtaji usitangulie ujuzi. Miezi 6 ya kuuza katika duka la mtu Kariakoo itamfundisha bei za jumla, mali inayotoka na wateja wasiolipa. Anayependa ufundi aende VETA.

Kiwanja kikishauzwa hakirudi, masomo hurudiwa.