Gari la Moshi Lipitalo Juu ya Mkia Wake

Upande wa magharibi wa Marekani, katika jimbo la California, iko milima ya Tehachapi. Gari la moshi la mizigo haliwezi kuparamia mlima moja kwa moja, maana magurudumu ya chuma huteleza juu ya reli ya chuma. Kwa hiyo reli hiyo, iliyomalizwa mwaka 1876 kwa mikono ya vibarua wengi wa Kichina, ilizungushwa kilima kama nyoka ajikunjaye: hupita katika handaki, huzunguka, kisha huvuka juu ya handaki lile lile, imekwisha kupanda mita 23 hivi.

Hapo huja wapiga picha. Gari lenye mzigo mzito hupanda polepole. Basi wao hulitangulia kwa motokaa, wakangoja kilimani. Walakini si kila gari liwafaalo. Mzunguko wote ni kama mita 1,150. Gari fupi hupita bure, na aliyengoja tangu alfajiri hukaa chini tena. Lakini lijapo refu, injini hunguruma juu, na mabehewa ya nyuma yangali yakiingia handakini chini yake. Ndipo picha hupigwa, upesi, kabla mkia haujatoweka.