Mbwa mkubwa wa ulinzi: anafaa kwa parsele yako?

Kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, wakaaji wengi wa Uvira wanalala jicho moja wazi. Wezi wanapanda ukuta, na wengine wanakuja na silaha. Ndiyo maana kuna jamaa zinazowaza kununua mbwa mkubwa, berje wa Kijerumani ao Rottweiler. Lakini mbele ya kutoa pesa, inafaa kuangalia kwanza nyumba, kisha mbwa.

Parsele imefungwa?

Berje dume anafikia kilo 30 mpaka 40. Rottweiler dume anaweza kufika kilo 50 na zaidi. Mbwa wa uzito huo anahitaji ukuta mzima na mlango unaofungika kweli. Sasa, mu Uvira parsele nyingi zinakaa jamaa tatu ao ine: mwenye nyumba, wapangaji, na watoto wa jirani wanaoingia kuchota maji. Mbwa hajui nani amekuja kuchota maji na nani amekuja kuiba. Tena ukuta unaweza kuanguka siku moja. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, nyumba nyingi zilibomoka. Mbwa aliyefungwa mnyororo hawezi kukimbia maji. Aliyefunguka naye anazurura katikati ya watu wenye hofu.

Kama kuna wapangaji, waulizwe mapema. Jamaa nyingi za Kiislamu hazipendi mbwa akaribie vyombo wala mahali pa kusalia. Ni heri kuzungumza mbele kuliko kugombana nyuma.

Nani atamlisha?

Mbwa wa kilo 40 anakula zaidi ya kilo moja ya chakula kilichopikwa kila siku, kwa miaka kumi hivi. Bugali peke yake haitoshi, anahitaji nyama ao samaki. Ndagala zinasaidia, lakini uvuvi ukifungwa bei yake inapanda, na tumbo la mbwa halifungwi. Kuna pia joto la kando ya ziwa: mbwa mwenye manyoya mazito anahitaji kivuli na maji safi mchana kutwa.

Lazima awepo mtu mzima mmoja anayemfundisha tangu mdogo, anayesikiwa. Kumfunga mnyororo usiku na mchana ili awe mkali ni kosa. Mbwa wa namna hiyo anauma yeyote, hata mtoto wa nyumba.

Akiuma mtu?

Hapa ndipo hesabu inakuwa nzito. Sheria ya Kongo ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 261, inasema mwenye mnyama anajibu kwa hasara iliyoletwa na mnyama wake, hata kama alikuwa amepotea ao ametoroka. Kusema "alikata kamba" hakumwokoi mtu.

Kuna pia kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi wanauita rage. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 59.000 wanakufa kila mwaka duniani, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Kati ya watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, ine ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa hiyo mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha arudiliwe kama daktari wa mifugo anavyopanga. Karatasi ya chanjo itunzwe. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku ileile. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Basi, nani anafaa kufuga mbwa mkubwa? Ni jamaa yenye parsele yake peke yake, ukuta mzima, chakula cha kila siku na mtu wa kumfundisha. Kwa wengine, mbwa mdogo wa hapa kwetu, aliyechanjwa, anatosha. Kazi kubwa ya mbwa ni kuamsha watu, na mwizi wa kawaida anaogopa kelele. Anayekuja na bunduki, hata Rottweiler hamzuii. Kelele za mbwa zinawapa tu watu nafasi ya kuamka na kuita majirani.