Kina Chawinga: Moto wa mabao kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa

KUTOKA Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami inayoshuka milima ya kahawa mpaka ufukweni. Lami inaishia kwenye maji, na ng'ambo ya maji hayo ni Malawi. Huko ndiko walikotoka mastraika wawili wanaotajwa kila kona ya dunia soka la wanawake linapozungumzwa: Tabitha Chawinga na mdogo wake, Temwa.

Hawakutoka Lilongwe wala Blantyre. Ni watoto wa Rumphi, wilaya ya kaskazini mwa Malawi ambayo upande wake wa mashariki unagusa ziwa lilelile linalowalisha dagaa watu wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay. Sisi tunaliita Ziwa Nyasa, wao wanaliita Ziwa Malawi. Maisha ya vijiji vya pande zote mbili yanafanana: uvuvi, jembe, shule ya mbali na mpira wa kufunga kwa kamba unaochezwa jioni.

Kwa shabiki wa Ruvuma, hadithi ya Chawinga ni ya jirani kabisa, na kwa sababu hiyo inauma kidogo. Kama ng'ambo imewezekana, huku kunakwama nini?

ALIANZA NA WAVULANA

Tabitha alizaliwa Mei 22, 1996. Kijijini kwao hakukuwa na timu ya wasichana, hivyo alicheza chandimu na wavulana. Wazazi hawakulipenda jambo hilo mwanzoni. Mpira ulikuwa kitu cha watoto wa kiume, na binti alitakiwa awe nyumbani akisaidia kazi.

Alikuwa na mbio, nguvu na shuti kali, na sifa hizohizo zilimletea balaa. Mwenyewe ameshaeleza hadharani kwamba alipokuwa binti mdogo aliwahi kuvuliwa nguo uwanjani na wapinzani waliotaka kuhakikisha kama ni msichana kweli. Haikutokea mara moja, ilitokea mara mbili.

Wengi wangeishia hapo, na hakuna ambaye angewalaumu. Tabitha aliendelea kucheza. Akiwa bado kinda alihamia Lilongwe kuichezea DD Sunshine, timu ya wanawake ambayo baadaye ilimpokea pia Temwa, aliyezaliwa Septemba 1998.

SWEDEN, CHINA, ITALIA, UFARANSA

Mwaka 2014, mwaka aliotimiza miaka 18, Tabitha alipanda ndege kwenda Sweden na kuwa mwanamke wa kwanza wa Malawi kusajiliwa na klabu ya Ulaya. Klabu yenyewe, Krokom/Dvärsätts, ilikuwa ndogo na ilicheza daraja la tatu. Aliitumikia kwa mechi 14 tu na kutupia mabao 39.

Msimu uliofuata alihamia Kvarnsvedens IK ya daraja la pili. Mwaka 2015 alifunga mabao 43 na timu ikapanda Ligi Kuu ya Sweden. Temwa naye alimfuata klabuni hapo mwaka 2017. Dada alikuwa ameshafungua mlango, mdogo hakuhitaji kubisha hodi.

Mwaka 2018 Tabitha alitua China kuichezea Jiangsu Suning, akabeba ubingwa wa ligi mwaka 2019, kisha akaenda Wuhan. Kutoka Wuhan alitolewa kwa mkopo Inter Milan msimu wa 2022/23. Waitaliano wanajulikana kwa ulinzi wao, lakini aliwafunga mabao 23 na kumaliza kinara wa mabao wa Serie A ya wanawake.

Msimu wa 2023/24 akawa kwa mkopo tena, safari hii Paris Saint-Germain. Alifunga mabao 18 kwenye ligi na kuibuka mfungaji bora wa Ufaransa. Misimu miwili mfululizo, ligi mbili kubwa za Ulaya, mfungaji bora yuleyule. Mwaka 2024 Lyon, klabu yenye mataji mengi zaidi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa wanawake, ikamchukua.

TEMWA ATIKISA MAREKANI

Ukidhani Tabitha ndiye mwisho wa ukoo huo, subiri. Temwa alipita njia ileile, Sweden kisha Wuhan, na mwaka 2024 akajiunga na Kansas City Current ya Marekani.

Ligi ya Marekani, NWSL, ni ya mbio na miguvu, na mgeni hupewa muda wa kuzoea. Temwa hakuuhitaji. Msimu wake wa kwanza alicheka na nyavu mara 20, akaivunja rekodi ya mabao 18 kwa msimu mmoja iliyowekwa na Sam Kerr wa Australia mwaka 2019. Alizifunga timu zote pinzani kwenye ligi hiyo, akazoa Kiatu cha Dhahabu na tuzo ya Mchezaji Bora.

Mwaka 2025 akarudia. Mabao 15, Kiatu cha Dhahabu tena, tuzo ya Mchezaji Bora tena. Hakuna mchezaji aliyewahi kuibeba tuzo hiyo mara mbili mfululizo kabla yake.

TWIGA STARS WANAWAJUA

Bongo si wanyonge mbele ya Malawi. Oktoba 2021, Twiga Stars wakiwa timu waalikwa kwenye michuano ya COSAFA Afrika Kusini, walikutana na Malawi fainali na kushinda 1-0 kwa bao la Enekia Kasonga. Kombe likaja Dar es Salaam.

Miaka miwili baadaye Malawi walijibu kwa njia yao. Mwaka 2023 waliichapa Zambia 2-1 kwenye fainali ya COSAFA na kutwaa ubingwa huo kwa mara ya kwanza. Sasa wamefuzu pia WAFCON ya 2026 Morocco, mara yao ya kwanza, na Tanzania nayo imo.

Kwa hiyo tofauti kati ya pande mbili za ziwa si kipaji. Tanzania ina Ligi Kuu ya Wanawake tangu msimu wa 2016/17 na ina wachezaji wanaokula mkate wao nje. Opah Clement, aliyewahi kung'ara Simba Queens na kwenda kucheza Uturuki, ndiye aliyeifungia Twiga Stars kwenye sare ya 1-1 na Afrika Kusini katika WAFCON iliyochezwa Morocco Julai 2025.

Aisha Masaka ametembea njia inayokaribiana na ya Tabitha. Alitoka Alliance Girls ya Mwanza, akaenda Yanga Princess, kisha mwaka 2022, akiwa na miaka 18, akasajiliwa BK Häcken ya Sweden. Mwaka 2024 alijiunga na Brighton ya England. Sweden imekuwa mlango wa wote wawili.

UMRI WA MIAKA 13 HADI 18

Angalia umri. Tabitha aliondoka na miaka 18, Masaka aliondoka na miaka 18. Si bahati nasibu. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu.

Maana yake ni kwamba hakuna skauti wa Ulaya atakayemwokoa binti wa miaka 13 kule Liuli. Miaka mitano kati ya 13 na 18 ni ya nyumbani: ya mzazi, mwalimu wa michezo, kocha wa kata na chama cha soka cha wilaya. Ikipotea hiyo, imepotea.

Na huo ndio umri ambao wasichana wengi huambiwa basi. Darasa la tano anacheza na wavulana na kila mtu anacheka, anapigiwa makofi. Akivunja ungo maneno yanaanza. Mara anajifanya dume, mara atakosa mume, mara nani atachota maji. Akiwa na mbio kuliko wenzake, wapo watakaonong'ona kwamba huyo si msichana.

Hapo kisa cha Tabitha kinatakiwa kuwa funzo kwa kila mwenye filimbi. Mwenye shaka na mchezaji ana njia: cheti cha kuzaliwa, usajili wa shule, malalamiko ya maandishi kwa msimamizi wa mechi. Mwili wa mtoto si ushahidi wa kukaguliwa na umati. Mwamuzi au mwalimu anayekaa kimya jambo hilo likitokea mbele yake anaua kipaji, na anamwachia mtoto jeraha la maisha.

NJIA YA RUVUMA

Ngazi zipo. Kuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, mashindano yanayomtoa mtoto kijijini hadi wilaya, mkoa na taifa. Songea kumewahi kuwa na Ruvuma Queens iliyocheza Ligi Kuu ya Wanawake, ushahidi kwamba mkoa huu unaweza kusimamisha timu ya kina dada ikapambana na za Dar.

Shida ni ngazi ya katikati. Mashindano ya shule huisha kwa wiki chache, kisha binti hurudi Lituhi ambako hakuna timu ya kumpa mechi kila wikiendi. Mbinga ina mashabiki, wakati wa mavuno ya kahawa hela inazunguka, na mabonanza ya wanaume hayakosi mdhamini. Timu moja ya wasichana wa chini ya miaka 17 Mbinga na nyingine Mbamba Bay zingeweza kukutana mara kwa mara kwa nauli ya kilomita 66 tu.

Na si sadaka. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kanuni hiyo inawahusu wanawake pia. Lakini klabu hulipwa kwa ushahidi: binti awe amesajiliwa kwa jina lake sahihi, tarehe yake sahihi na klabu yenye usajili unaotambulika. Timu ya mchangani isiyo na karatasi itabaki kusimulia tu kwamba ilimlea.

Rumphi hawakuwa na uwanja wa maana kuliko wetu. Walikuwa na binti aliyekataa kuacha, timu ya mjini iliyompokea, na dada aliyerudi kumshika mkono mdogo wake.

Binti anayetimiza miaka 13 mwaka huu Mbamba Bay ana miaka mitano mbele yake kabla dirisha la usajili la Ulaya halijamfungukia. Akipewa mechi, shule na watu wa kumlinda, hiyo inatosha. Akiambiwa akaanike dagaa kwa sababu mpira ni wa wanaume, tutaendelea kuhesabu mabao ya watoto wa jirani.