Deki Iliyoingia Nyumbani kwa Jina la Gemu

Ijumaa ya tarehe 4 Januari 2008, kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilitangaza kwamba filamu zake za picha ang'avu zingetolewa kwenye diski za Blu-ray peke yake. Siku chache baadaye maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki yalikuwa yafunguliwe Las Vegas, na kambi ya mfumo shindani wa HD DVD, iliyokwisha kuandaa mkutano na waandishi wa habari huko, ikaufuta. Wiki sita na ushei zikapita, na tarehe 19 Februari Toshiba ikasema inaacha kutengeneza deki za HD DVD. Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili: wapo wasemao diski bora ndiyo iliyoshinda, na wapo wasemao ilishinda yenye fedha. Naona wote wanalipita kando jambo lenyewe. Kilichoamua ni woga wa mnunuzi wa kubaki na deki isiyo na filamu, na Blu-ray ilishinda kwa kuwapata watu ambao woga huo haukuwahusu hata kidogo.

Tuanze na diski zenyewe. DVD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996, husomwa kwa mwale mwekundu wa leza wa nanomita 650, na tabaka lake moja hubeba gigabaiti 4.7. Katika miaka ya 1990 Shuji Nakamura, mtafiti wa kampuni ya Nichia ya Japani, alifanikiwa kutengeneza leza ya rangi ya buluu iliyofaa kutumika kibiashara. Mwale wa nanomita 405 huangukia doa dogo zaidi, hivyo alama za data zinaweza kusongamana kwenye diski yenye upana uleule. Kufikia hapo kambi zote mbili zilikuwa njia moja. Ziliachana kwenye kina. Toshiba na NEC waliiacha data chini ya plastiki ya milimita 0.6, kama ilivyo kwenye DVD, ili viwanda vilivyokuwepo viendelee kutumika bila gharama kubwa. Tabaka moja likabeba gigabaiti 15. Sony, Panasonic, Philips na wenzao waliisogeza data hadi milimita 0.1 tu kutoka kwenye uso wa diski. Walipata gigabaiti 25, ila ikabidi watafute utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo na mitambo mipya ya kuzalishia. Mazungumzo ya kuunganisha mifumo hiyo yalifanyika mwaka 2005, yakavunjika.

Mtetezi wa ubora atasema 25 ni zaidi ya 15, kwa hiyo kesi imekwisha. Lakini mtazamaji haoni gigabaiti, huona picha, na picha zote mbili zilikuwa na mistari 1,080 na ziliweza kubanwa kwa njia zilezile. Tena baadhi ya diski za mwanzo za Blu-ray zililaumiwa kwa picha hafifu, kwa kuwa zilikuwa bado zinabanwa kwa MPEG-2, njia ya enzi za DVD. Kwa upande wa bei Toshiba ilikuwa mbele kabisa: deki yake ya kwanza iliuzwa Marekani kwa dola 499 mwezi Aprili 2006, ilhali ya Samsung ya Blu-ray ilifika Juni ikiwa na bei ya dola 999. Novemba 2007 maduka ya Walmart yaliuza deki ya HD DVD kwa chini ya dola 100. Unafuu huo ukamrudi mwenyewe. Kampuni gani nyingine ingejitosa kutengeneza deki ambayo mwanzilishi wake anaiuza kwa bei isiyorudisha gharama? Rafu ya HD DVD ikabaki na jina la Toshiba karibu peke yake, huku ya Blu-ray ikiwa na Sony, Panasonic, Samsung, Pioneer na wengineo. Mnunuzi aliziona rafu hizo, akajua upande upi una watu.

Mnunuzi huyo alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu. Waliowahi kununua deki za Betamax za Sony baada ya mwaka 1975 waliona maduka yakijaa kanda za VHS, hadi Sony yenyewe ikaanza kutengeneza deki za VHS mwaka 1988. Sasa aliambiwa achague tena, wakati DVD aliyokuwa nayo ilicheza vizuri tu. Wengi walichagua kungoja. Yalijaribiwa mapatano: LG ilileta deki ya kucheza aina zote mbili, lakini kwa takriban dola 1,200, na Warner ilitangaza diski yenye Blu-ray upande mmoja na HD DVD upande wa pili, ambayo haikufika dukani. Aliyeweza kuvunja ngojangoja hiyo ni yule tu ambaye hakuwa ananunua deki. PlayStation 3 ilitoka Novemba 2006 ikiwa na Blu-ray ndani yake. Kijana aliyeinunua alitaka gemu, na deki ikaja bila kuombwa. Mwishoni mwa 2007 mashine zaidi ya milioni 10 zilikuwa zimesafirishwa, wakati deki za HD DVD za kila namna zilikuwa kama milioni moja. Microsoft nayo ilikuwa na mashine ya gemu, Xbox 360, lakini HD DVD yake ilikuwa kifaa cha pembeni cha dola 199, yaani mtu aliulizwa swali lilelile alilokuwa akilikwepa.

Ushindi huo uliuma. Uhaba wa leza za buluu ulichelewesha PlayStation 3 barani Ulaya hadi Machi 2007, na kitengo cha gemu cha Sony kikapata hasara ya takriban yeni bilioni 232 katika mwaka wa fedha wa 2006. Ndipo linapokuja dai la pili, kwamba fedha ndizo zilizoamua. Basi tutazame Agosti 2007, Paramount na DreamWorks Animation walipohamia HD DVD pekee, huku vyombo vya habari vikiripoti malipo ya dola milioni 150. Fedha hizo zilirefusha vita kwa miezi kadhaa, kisha zikapotea. Hazikuweza kubadili hesabu aliyokuwa akiiona Warner: mwaka huo Marekani diski za Blu-ray ziliuzwa takriban mbili kwa kila moja ya HD DVD, na ugomvi wenyewe ulikuwa unawafukuza wateja.

Pingamizi lililobaki ni zito zaidi: kwamba yote haya hayakuwa na maana, kwa sababu Netflix ilianza kurusha filamu kwa intaneti Januari 2007, vita vikiwa vimepamba moto. Nakubali nusu. Blu-ray haikuwahi kuishinda DVD kwa idadi ya diski zinazouzwa Marekani. Samsung iliacha kupeleka deki mpya huko mwaka 2019, na Netflix ikasitisha kuposti diski Septemba 2023. Afrika Mashariki vita hivi vilisikika kwa mbali tu, kwani vibanda umiza na wauza filamu wa mitaani waliendelea na VCD na DVD hadi flashi na simu zilipowafikia. Ila intaneti haikuwa na sura hiyo mwaka 2007. Filamu zilizopatikana kwa njia hiyo zilikuwa chache, na nyumba nyingi hazikuwa na kasi ya kuzipokea kwa ung'avu. Pengo hilo lilikuwa la diski kulijaza, na kambi mbili zililitumia kuwaeleza watu kwa nini wasinunue. Wengi wa waliongoja hawakurudi dukani kuulizia mshindi ni nani. Aliyerudi ni Toshiba: Agosti 2009 iliomba kujiunga na chama cha Blu-ray, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na deki yake ya Blu-ray sokoni.