Risasi tano, tundu moja: Rekodi iliyogoma kuvunjika miaka 40

ACHANA na rekodi za mabao. Mwaka 1973 Mmarekani Mac McMillan alikaa mezani, akaegemeza bunduki yake na kufyatua risasi tano kwenye karatasi iliyokuwa umbali wa yadi 100, sawa na mita 91 hivi. Ni kama kipa wa huku anailenga nyavu ya kule.

Zote tano zilipita mle mle. Vipimo vilipochukuliwa, kutoka kitovu cha risasi moja hadi cha ile iliyokwenda mbali zaidi ilikuwa inchi 0.009. Haifiki hata robo ya milimita!

Rekodi hiyo ilidumu miaka 40. Mwaka 2013 Mike Stinnett, naye Mmarekani, akaivunja kwa inchi 0.0077. Tofauti ya wawili hao ni ndogo kuliko unene wa unywele.

Mchezo wenyewe unaitwa benchiresti, na una mambo yake. Kupiga katikati ya shabaha siyo hoja. Unaweza kupiga pembeni na bado ukabeba kombe, mradi risasi zako zimebanana kuliko za wenzako. Kinachopimwa ni zile mbili zilizoachana zaidi. Nne zikiingia tundu moja na ya tano ikachepuka, umeumia, na maumivu hayo yanaingia kwenye wastani wa mashindano yote. Ni sawa na kipa aliyelinda lango dakika 89 halafu akafungwa la kizembe.

Sasa wanajuaje kama kweli zimepita tano na siyo tatu? Nyuma ya shabaha kuna karatasi nyingine inayotembea taratibu. Mbele litaonekana tundu moja, lakini kule nyuma kila risasi inaacha alama yake. VAR ya wenyewe hiyo.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba hawa jamaa hawatumii risasi za dukani. Kila mmoja anatengeneza zake, tena wengi wanatengenezea palepale uwanjani, kati ya raundi moja na nyingine. Ganda lililotumika halitupwi. Likishapigwa kwenye bunduki ile limechukua umbo la chemba yake, hivyo linakaa vizuri kuliko jipya. Linawekwa fataki mpya, linamiminwa baruti, kisha kichwa cha risasi kinasukumwa mdomoni kwa kina kilichopimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Shingo ya ganda nayo huchongwa ili unene uwe sawa pande zote.

Hapo kwenye baruti ndipo kazi ilipo. Mtutu ukifyatua unatikisika kama waya wa gitaa, na mlengaji anatafuta kipimo kinachofanya kila risasi itoke mtutu ukiwa kwenye hali ileile. Asubuhi ya baridi kipimo kinaweza kukubali, mchana jua likiwaka kikagoma. Anarudi mezani, anabadilisha kitu kimoja tu, anajaribu tena. Akibadilisha viwili kwa pamoja hatajua kipi kimemsaidia. Na akizidisha baruti kiholela, bunduki inaweza kumlipukia usoni.

Risasi iliyotawala mchezo huu kuanzia miaka ya 1970, 6mm PPC, ilibuniwa na Wamarekani wawili, daktari Louis Palmisano na fundi Ferris Pindell. Walichukua ganda la risasi ya Kirusi, .220 Russian, wakalifinyanga upya. Na hiyo .220 asili yake ni risasi ya AK-47! Bunduki ambayo hakuna anayeisifia kwa shabaha ndiyo iliyozaa ukoo wa risasi zenye shabaha kali namna hii.

Wawindaji nao wamefaidika. Mike Walker, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, alikuwa mhandisi wa Remington na alishiriki kubuni Remington 700, bunduki ya uwindaji iliyotoka mwaka 1962 na kuuzwa mamilioni. Mwindaji hahitaji robo ya milimita. Lakini risasi ikichepuka kiasi cha kiganja, mnyama anakimbia na jeraha na kwenda kufia porini. Ndiyo maana wengi wao nao hukaa mezani wiki kadhaa kabla ya msimu, wakipima baruti na kutoboa karatasi.

Kwa wa benchiresti, maandalizi yote hayo bado yanaweza kuharibiwa na upepo. Uwanja umejaa vibendera kutoka mezani hadi kwenye shabaha, na saa inahesabu dakika saba kwa risasi tano. Nne zimeshaingia tundu moja. Vibendera vya mbele vimelala kulia, kimoja cha nyuma kimegeuka kushoto. Kidole kipo kwenye kifyatulio, na zimebaki sekunde 40.