Madini ya Chuma, Ujifunzaji wa Watoto na Malaria: Suala la Dumila, Kilosa

Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, hukosa umakini na mara nyingi huitwa mvivu. Dumila, ambako ugali wa mahindi ndio chakula kikuu, sehemu ya tatizo imo ndani ya mlo: kemikali ziitwazo fitati, zilizo nyingi katika dona, huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma, na chai inywewayo pamoja na chakula huzidisha.

Utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2001 ulibaini kuwa watoto wadogo waliopewa madini hayo kila siku kwa miezi 12 waliendelea vizuri zaidi kilugha. Hata hivyo, jaribio jingine kisiwani humo, lililohusisha watoto zaidi ya 24,000 na kuchapishwa mwaka 2006, lilionesha kwamba madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki yaliongeza ugonjwa mkali na vifo mahali penye malaria nyingi. Ugawaji wake ulisitishwa Agosti 2003. Waliokuwa na upungufu halisi, wakapimwa na kutibiwa malaria mapema, walinufaika. Kwa Dumila, yenye malaria pia, kipimo cha wekundu wa damu na chandarua hutangulia kidonge.